Waliosoma Kabla ya Kusema: Volksverein ya Ujerumani, 1890–1933

Oktoba 24, 1890, mjini Köln, Wakatoliki wa Ujerumani waliunda umoja wenye jina refu, Volksverein für das katholische Deutschland, yaani Umoja wa Wananchi kwa ajili ya Ujerumani ya Kikatoliki. Mwenyekiti wake, Franz Brandts, alikuwa mlei mwenye kiwanda cha nguo, na makao makuu yakawekwa kwao Mönchengladbach, mji wa mashine za kufuma usio na kiti cha askofu. Ada ilikuwa Mark 1 kwa mwaka, pungufu ya ujira wa siku moja kiwandani. Kufikia 1914 wanachama walikuwa wamekaribia 805,000. Miaka 19 baadaye polisi walikuja kuufunga. Sasa imepita zaidi ya miaka 130 tangu mkutano ule wa Köln, na wanaoukumbuka umoja huo kwa kawaida huanza na wingi wa watu wake, kana kwamba nguvu ya walei katika mambo ya umma hupimwa kwa vichwa. Nadhani kipimo hicho kinapotosha. Uzito wa Volksverein ulitokana na desturi yake ya kuwafundisha watu jambo kwa kina kabla ya kuwatuma kulisemea mbele ya nchi. Ushahidi wa hilo uko pande mbili: katika yale uliyofanikisha viwandani na bungeni, na katika yale ambayo waasisi wake walelewale waliyaharibu walipozungumzia kwa sauti kubwa nchi wasiyoijua, yaani mwambao wetu wa Afrika Mashariki.

Umoja huo ulizaliwa na watu waliokuwa wametoka kuumizwa. Kuanzia 1871 Chansela Bismarck alipigana na Kanisa Katoliki katika mgogoro ambao Wajerumani waliuita Kulturkampf. Wajesuti walifukuzwa nchini, maaskofu wa Prussia walifungwa au kuhamishwa, na parokia nyingi zikakaa bila padre. Mgogoro ulipopoa mwaka 1887, walei walikuwa wameshajifunza kusimama wenyewe: walikuwa na magazeti, mikutano mikuu ya kila mwaka iliyoanzia Mainz mwaka 1848, na chama cha siasa cha Zentrum. Kiongozi wa chama hicho, Ludwig Windthorst, alikuwa mwanasheria mfupi wa umbo, karibu kipofu, aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Hanover. Bungeni Bismarck hakupata mpinzani aliyemsumbua kuliko yeye. Ndipo likaja swali la nini kifuatie. Mwaka 1886 Waprotestanti walikuwa wameunda umoja wao wa kupambana na Ukatoliki, na baadhi ya wakuu wa Kikatoliki, akiwemo Mwanamfalme Karl zu Löwenstein, walitaka kujibu kwa umoja wa kuitetea imani dhidi ya Waprotestanti. Windthorst alikataa. Katika uchaguzi wa Februari 1890 Wasoshalisti walikuwa wamepata karibu kura moja katika kila tano, na sheria iliyowabana iliisha muda wake Septemba mwaka huohuo. Kwa hesabu yake, mfumaji Mkatoliki aliyefanya kazi kutwa nzima akarudi nyumbani na ujira usiotosha hakuhitaji kijitabu cha kumtukana Luther. Alihitaji mtu wa kumweleza kwa nini ujira ule hautoshi na sheria ipi ibadilishwe. Hoja ya Windthorst ilishinda, na katiba ya umoja mpya ikaelekezwa kwenye maswali ya jamii. Windthorst alifariki Machi 14, 1891, miezi miwili kabla Papa Leo XIII hajatoa Rerum Novarum. Hilo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba walei husubiri waraka kutoka Roma ndipo waanze kufikiri.

Brandts hakuchaguliwa kwa sababu ya fedha zake tu. Katika kiwanda chake kanuni za kazi za mwaka 1885 ziliwapa wafanyakazi baraza lao, ambalo lilishiriki kusimamia mfuko wa wagonjwa na nidhamu ya kiwandani. Mabinti waliofuma mchana walifundishwa ushonaji na mambo ya nyumbani. Ulikuwa uangalizi wa kibaba, hilo halina ubishi, na kwa kipimo cha leo lile lilikuwa baraza dogo lenye meno machache. Lakini Volksverein ulirithi kutoka kiwandani humo tabia moja ya thamani: kuanza na kitu kinachoonekana. Mwaka 1892 ulianza kuandaa kozi fupi za masuala ya jamii. Kuanzia 1901 ukawaita Mönchengladbach wachimbaji wa makaa, wafumaji na mafundi kwa kozi ya majuma 10, wakasomeshwa uchumi wa nchi, bima ya wagonjwa ya 1883, bima ya ajali ya 1884 na ile ya uzeeni ya 1889, pamoja na namna ya kuongoza kikao na kumjibu mpinzani kwa hoja. Wengi waliohitimu walikwenda kuwa makatibu wa vyama vya wafanyakazi. Katika miji mingi kulikuwa na ofisi za ushauri ambako fundi aliyekatwa vidole na mashine, akanyimwa fidia kwa barua asiyoielewa, aliketi mbele ya karani aliyezijua kanuni na kuandikiwa rufaa. Magazeti madogo ya Kikatoliki yalipelekewa makala za masuala ya jamii bila malipo. Na chini kabisa, mtaani, alikuwepo mtu wa kuaminika aliyepewa nyumba kadhaa za kuhudumia, mithili ya balozi wa nyumba kumi: alikusanya ada, akagawa vijitabu vyenye jalada jekundu, akasikia nani hana kazi na nani ana kesi. Taarifa zilipanda na vitabu vikashuka kwa njia ileile. Wanawake walibaki nje ya mpango huu kwa miaka 18 ya mwanzo, kwa kuwa sheria ya Prussia iliwakataza kujiunga na vyama vya kisiasa hadi 1908, na sioni dalili kwamba uongozi ulilikosea usingizi jambo hilo.

Msomaji makini atauliza kama kweli umoja huu ulikuwa wa walei. Katibu wake wa kwanza, Franz Hitze, alikuwa padre. August Pieper, aliyeuendesha kwa miaka mingi kama mkurugenzi mkuu, alikuwa padre. Heinrich Brauns, mwalimu mkuu wa kozi zake, padre pia. Katika parokia nyingi aliyeshika daftari la wanachama alikuwa paroko au msaidizi wake. Pingamizi hili lina nguvu, na sitalipunguza kwa kuhesabu walei waliokuwa kwenye kamati. Jibu liko katika aina ya mamlaka waliyoitumia mapadre hao. Hitze alizungumza Mönchengladbach kama mtaalamu wa sheria za kazi, na baadaye Chuo Kikuu cha Münster kilimpa kiti cha kufundisha mafundisho ya jamii ya Kikristo. Brauns aliwafundisha wachimbaji hesabu za mfuko wa wagonjwa, wao wakazihakiki, kwa kuwa fedha zilikuwa zao. Hoja iliyoshindwa kwenye meza ile haikuokolewa na kanzu ya aliyeitoa. Umoja haukuwa chini ya askofu yeyote kwa katiba yake, na maaskofu wenyewe walilijua hilo vizuri kiasi kwamba baadhi yao lilikuwa likiwaudhi.

Ugomvi wa vyama vya wafanyakazi ndio uliolidhihirisha. Mönchengladbach iliunga mkono vyama vya wafanyakazi vya Kikristo ambavyo Mkatoliki na Mprotestanti waliketi pamoja, kwa sababu nyepesi kwamba mwajiri anapokata ujira haulizi dhehebu. Upande wa Berlin, ukiwa na Kardinali Kopp wa Breslau nyuma yake, ulitaka Wakatoliki wajipange peke yao chini ya mapadre, na uliutilia shaka mgomo wenyewe. Mashtaka yalifika Roma. Septemba 24, 1912 Papa Pius X alitoa waraka Singulari quadam: aliwasifu waliojipanga kikatoliki na akavivumilia vile vya mchanganyiko. Mönchengladbach haikupata pongezi, ila ilipata nafasi ya kuendelea, nayo ikaitumia. Kwa maoni yangu hapa ndipo Volksverein ulipostahili kuitwa wa walei zaidi ya mahali pengine popote, kwa kuwa ulitetea hukumu ya watu waliokuwa ndani ya mgodi kuhusu mambo ya mgodini, dhidi ya mkuu wa Kanisa aliyekuwa nje yake, bila kuacha utii wala kuacha hoja.

Matunda yake yalichelewa, kama ilivyo kwa kila shule. Juni 1920 Brauns akawa Waziri wa Kazi wa Jamhuri ya Weimar, akakaa kwenye kiti hicho miaka minane huku serikali zikianguka na kuundwa upya juu ya kichwa chake. Chini yake zilitungwa sheria ya mahakama za kazi ya 1926 na ile ya bima ya ukosefu wa ajira ya Julai 1927. Aliyezisoma sheria hizo anauona mkono wa mtu aliyekuwa ametumia miongo miwili akiwafafanulia wachimbaji vifungu vya bima. Hakuweka neno Kanisa ndani yake wala hakuhitaji kuliweka: Msoshalisti asiyesali na Myahudi wa Frankfurt walilipwa bima ileile.

Wapo waliosema, na bado wapo, kwamba elimu hii yote ilikuwa pazia na kazi halisi ilikuwa kuikusanyia Zentrum kura. Ni kweli kwamba bila Volksverein hesabu za Zentrum zingekuwa mbaya zaidi. Mwaka 1907 serikali ilipofanya kampeni kali dhidi ya Zentrum na Wasoshalisti kwa pamoja, Wasoshalisti waliporomoka kutoka viti 81 hadi 43, ilhali Zentrum ilipanda hadi 105, na vijitabu vyekundu vilikuwa na sehemu yao katika hilo. Lakini pazia haligharimu majuma 10 ya kufundisha bima. Chama kinachotaka kura tu huchapa mabango na kukodi wapiga tarumbeta, kwani mfanyakazi aliyesoma sheria ni hatari hata kwa mbunge wake: anajua alichoahidiwa na anajua kisichotekelezwa. Waliotoka Mönchengladbach waliisukuma Zentrum upande wa wafanyakazi, na wenye mashamba makubwa ndani ya chama hicho walilalamika kuhusu jambo hilo.

Uchaguzi wa 1907 ulitokana na Afrika, na hapo inabidi kurudi nyuma hadi 1888. Volksverein ulikuwa haujazaliwa, ila watu ni walewale na mji ni uleule. Mwaka huo Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya biashara ya utumwa. Oktoba 27, 1888 mkutano mkubwa ukafanyika katika ukumbi wa Gürzenich, Köln, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa pamoja, na Wakatoliki wakaunda umoja wao wa Afrika. Desemba 14 Windthorst alipeleka hoja bungeni akiitaka serikali iukomeshe utumwa Afrika. Nia yake sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini wakati makofi yanapigwa Köln, mwambao kuanzia Pangani hadi Mikindani ulikuwa tayari unawaka kwa sababu nyingine. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala na ushuru wa forodha kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar, ikapandisha bendera yake, ikawataka watu wathibitishe umiliki wa ardhi yao, na kuwadharau majumbe mbele ya watu wao. Abushiri bin Salim akaongoza upinzani Pangani, Bwana Heri Saadani. Bismarck, ambaye hakuwa na hamu ya kumlipia gharama mfanyabiashara, aliona katika hoja ya Windthorst mlango aliokuwa akiutafuta: vita vya kuiokoa Kampuni viliitwa vita dhidi ya Waarabu wauza watumwa. Januari 1889 wapiganaji waliivamia misheni ya Wabenediktini ya Pugu, ambayo Watanzania wengi leo wanaijua kwa shule, na habari za wamisionari waliouawa na kutekwa zikafika Ujerumani kwa wakati mwafaka kabisa. Sheria ya mwezi Februari ikaidhinisha Mark milioni 2, Zentrum ikiunga mkono bungeni. Hermann von Wissmann akaja na askari aliowaajiri Misri na Msumbiji, miji ya pwani ikapigwa mizinga, na Desemba 15, 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Atakayesema kwamba ni dhuluma kuwapima watu wa 1888 kwa elimu ya leo asome majadiliano ya Bunge lenyewe. August Bebel wa Wasoshalisti na Ludwig Bamberger wa Waliberali walisimama kuipinga sheria ile, na Bebel alisema waziwazi kwamba Kampuni ndiyo iliyouchokoza mwambao. Habari zilikuwepo, zilisemwa ndani ya ukumbi uleule, na hazikupewa uzito kwa sababu waliozisema hawakupendwa. Tena matokeo yanaonyesha jambo zito kuliko kosa la nia. Utumwa haukukomeshwa na Wajerumani hata baada ya ushindi wao. Amri ya Desemba 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa 1905, basi. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Yaani dhamiri ya Köln ilitumika kufungua hazina, na hazina ilipokwisha kufunguliwa dhamiri haikuulizwa tena. Kama kungekuwa na kozi ya majuma 10 kuhusu mkataba wa Zanzibar na ushuru wa Pangani, Windthorst angeuliza bungeni maswali ambayo aliyaachia maadui zake.

Kilichofuata kinaipa hoja hii upande wa pili. Mwaka 1903 aliingia bungeni kwa tiketi ya Zentrum kijana Matthias Erzberger, mwalimu wa shule ya msingi aliyepata malezi yake ya kisiasa katika vyama vya wafanyakazi Wakatoliki na magazeti ya Stuttgart. Alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake: alisoma bajeti mstari kwa mstari. Mwaka 1905 na 1906, wakati Maji Maji inaendelea kusini mwa Tanganyika na vita vya Waherero na Wanama kusini magharibi mwa Afrika, alianza kufichua mikataba ya kifisadi ya vifaa vya jeshi na ukatili wa maofisa katika makoloni, akitumia nyaraka na barua, zikiwemo habari kutoka kwa wamisionari. Viongozi wazee wa chama walitamani anyamaze. Desemba 13, 1906 Zentrum na Wasoshalisti wakakataa fedha za nyongeza za vita, na Chansela Bülow akalivunja Bunge siku hiyohiyo. Sitaki kumpaka Erzberger rangi ya malaika. Hakuupinga ukoloni wenyewe, aliupinga wizi na mijeledi, na wakati wa Vita Kuu alianza kama mtetezi wa kuteka nchi za watu kabla ya kugeuka. Lakini tofauti kati yake na Windthorst wa 1888 ni ileile ya mtu mwenye daftari na mtu mwenye hisia. Mmoja alitaja kiasi, mkataba na jina la ofisa, na serikali ikalazimika kujibu. Agosti 26, 1921 wanaitikadi wa mrengo wa kulia walimuua kwa risasi karibu na Bad Griesbach.

Pingamizi gumu kuliko yote ni 1933. Iwapo elimu hii ilikuwa imara, mbona ilianguka kwa pigo moja? Sehemu ya jibu ni kwamba pigo lilikuta mwili umedhoofika. Baada ya 1918 wahitimu wake walihamia serikalini na kwenye vyama vya wafanyakazi. Mfumuko wa bei wa 1923 ulikausha akiba. Nyumba yake ya uchapishaji ilizama kwenye madeni. Wanachama wakapungua hadi chini ya nusu ya wale wa 1914. Hata hivyo uliendelea kuchapisha maonyo dhidi ya Wanazi, na kati ya 1930 na 1932 uliwakutanisha huko Königswinter wasomi vijana wa mafundisho ya jamii, akiwemo Mjesuti Oswald von Nell-Breuning, ambaye aliandaa rasimu ya waraka Quadragesimo anno wa 1931. Machi 23, 1933 wabunge wa Zentrum walimpigia Hitler kura ya kumpa mamlaka yote, na siku tano baadaye maaskofu wakaondoa katazo lao dhidi ya chama chake. Julai 1 Volksverein ukafungwa, Julai 5 Zentrum ikajivunja, Julai 20 Mkataba kati ya Vatikani na Ujerumani ukatiwa saini. Mkataba huo uliahidi kuvilinda vyama vya Kikatoliki vya ibada na huruma. Umoja uliofundisha wachimbaji kusoma bajeti ulikuwa umeshazikwa karibu majuma matatu kabla, na watu wake wakubwa, akiwemo Brauns, wakatungiwa mashtaka ya ubadhirifu. Ninachokiona hapo ni kwamba dola ile ilijua vizuri kipi cha kuogopa. Kwamba wanachama hawakujaa barabarani kuutetea ni kweli, na inauma. Shule iliwafundisha kudai haki ndani ya sheria, na haikuwafundisha la kufanya sheria yenyewe inapotekwa. Hilo ni pengo katika mtaala, na halifichiki.

Waliopita katika mikono yake hawakusahau yote. Mwaka 1949, kwenye mkutano mkuu wa Wakatoliki mjini Bochum, katikati ya migodi ya makaa, walei na mapadre walipitisha azimio kwamba haki ya wafanyakazi kushiriki maamuzi ya kampuni ni haki ya asili. Mwaka uliofuata Papa Pius XII alisema haki hiyo haitokani na asili ya mkataba wa kazi. Bunge la Bonn lilipitisha sheria Aprili 1951, likawapa wafanyakazi wa makaa na chuma nusu ya viti katika mabaraza ya usimamizi wa kampuni. Huko Mönchengladbach maktaba ya Volksverein, iliyokusanywa kwa miaka 40, imehifadhiwa katika maktaba ya mji, na tangu 1983 jina lenyewe limechukuliwa na shirika la hapohapo linalowapa kazi na mafunzo watu waliokaa muda mrefu bila ajira.